Mkate wa Jana, Jibini ya Ndimu na Matunda ya Kubanikwa

 

Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya vitu vitatu ambavyo havikosekani majumbani mwetu, na ambavyo aghalabu huishia jaani. Cha kwanza ni mkate wa boflo uliobaki jana, umekauka kidogo na watoto hawautaki tena. Cha pili ni matunda yaliyokaribia kupitiliza kuiva: nanasi lililoanza kulainika upande mmoja, au maembe ya mwisho katika kikapu ambacho nyumba imeshindwa kukimaliza. Cha tatu ni maziwa, ambayo katika joto la pwani hayana subira. Yasipochemshwa mapema, hata siku haijaisha yamekwisha kuharibika. Kila kimoja kikitupwa peke yake huonekana ni kitu kidogo. Vikihesabiwa kwa mwezi mzima, huwa ni fedha ya haja iliyotoka mfukoni mwa baba au mama aliyeitolea jasho. Na israfu, kama tujuavyo sote, imekatazwa kwa tajiri na kwa maskini.

Vitu hivyo vitatu vikikutanishwa kwa maarifa kidogo hutoa kifungua kinywa cha heshima: slesi za mkate zilizobanikwa zikawa kavu na za rangi ya dhahabu, zikapakwa jibini laini nyeupe, na juu yake yakapangwa matunda yaliyopitishwa motoni hadi utamu wake ukakolea. Chakula hiki hupendeza mbele ya mgeni, humshibisha mtoto anayekwenda chuoni au skuli, na katika mwezi wa Ramadhani hufaa kwa daku. Kina jambo jingine tena, ambalo ndilo lililotusukuma kuiandika makala hii: jibini yake twaweza kuipika wenyewe, tukajua kila kilichotiwa ndani yake.

Tuanze na asili yake. Jibini laini ya namna hii mashuhuri zaidi ni ile ya Waitalia, waiitayo ricotta, jina ambalo kwa lugha yao maana yake ni iliyopikwa tena. Wao hapo zamani waliipata kwa kuyachemsha upya maji yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine, wasikubali kuyamwaga. Kwa hiyo hata huko ilikotoka, jibini hii ilizaliwa kwa kuchelea hasara. Wenzetu wa Malindi huenda wanalijua jina hilo, kwani Waitalia wameishi katika mji huo kwa miaka mingi na vyakula vyao vimezoeleka huko. Lakini hata asiyewahi kufika Malindi anayo njia ya karibu zaidi ya kuifahamu. Majirani zetu wenye asili ya Kihindi, ambao tumeishi nao Mombasa, Lamu na Malindi tangu enzi za mababu, hupika paniri kwa kuyagandisha maziwa ya moto kwa ndimu. Njia tutakayoieleza hapa ni hiyo hiyo ya ndimu, isipokuwa yetu hatuikandamizi kwa jiwe hadi ikawa ngumu, twaiacha laini.

Sasa tuingie katika jambo la shaka. Swali lililozoeleka miongoni mwa akina mama ni hili: je, jibini ya dukani ni salama kwetu? Jawabu lataka maelezo. Jibini nyingi, hasa zile ngumu, hugandishwa kwa kitu kiitwacho reneti, ambacho ni kimeng'enya kinachoyafanya maziwa yashikamane. Reneti ya asili hutolewa katika tumbo la ndama anyonyaye. Ipo pia inayotokana na mimea, na ipo inayotengenezwa kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na siku hizi viwanda vingi hutumia hiyo. Taabu ni kwamba maandishi ya kwenye pakiti mara nyingi hutaja vimeng'enya tu, bila ya kueleza vimetoka wapi. Wanazuoni nao wamekhitilafiana juu ya reneti ya mnyama asiyechinjwa kisharia: wako walioruhusu na wako waliozuia, na kila upande una hoja zake. Aidha, baadhi ya jibini za kupaka na maziwa mazito ya kwenye vikopo hutiwa jelatini ili yashikane, na jelatini huweza kutoka katika ngozi na mifupa ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe.

Sisi hatutoi fatwa. Jambo hilo lina wenyewe, na kila familia ina sheikh wake wa kumrejea. Twasema tu kwamba anunuaye atazame alama ya halali kwenye pakiti na asome viungo vyote vilivyoandikwa. Na anayetaka kuwa mbali kabisa na khitilafu hiyo, jibini ya ndimu haina reneti wala jelatini. Ina maziwa, ndimu na chumvi, basi.

Kwa nyumba ya watu wanne au watano, chukueni maziwa ya ng'ombe lita 2, maji ya ndimu yaliyochujwa vijiko vikubwa 4 hadi 6, chumvi nusu ya kijiko cha chai, na malai vijiko vikubwa 2 au 3. Malai yenyewe si lazima yanunuliwe. Ule utando mzito unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa watosha.

Maziwa yatieni katika sufuria yenye kitako kizito, myaweke juu ya moto wa wastani, na mkoroge mara kwa mara kwa mwiko ili yasishike chini. Yaacheni yachemke barabara kwa muda wa dakika moja au mbili. Kisha epueni, msubiri kidogo hadi povu litulie, ndipo mtie maji ya ndimu kijiko baada ya kijiko, huku mkikoroga polepole sana. Mtayaona maziwa yakikatika: vidonge vyeupe vitajitenga, na maji ya rangi ya manjano iliyopauka yatabaki kando. Maji hayo yakiwa bado meupe kama maziwa, ongezeni kijiko kimoja zaidi cha ndimu. Yakishatakata, acheni kukoroga. Mkono ukizidi, vidonge huvunjika vikawa kama mchanga, na jibini haitakuwa laini tena.

Funikeni sufuria kwa dakika 10. Kisha tandikeni kitambaa safi cha melimeli juu ya chujio, chini yake muweke bakuli kubwa, na mmimine. Acheni yachuje yenyewe kwa dakika 20 hadi 30, bila ya kukamua. Donge litakalobaki litakuwa na uzito wa gramu 300 hadi 400 hivi, kwa kadiri ya unono wa maziwa. Litieni katika bakuli, muongeze chumvi na malai, mpige kwa uma au kwa blenda hadi liwe laini la kupakika. Likionekana kavu, lirudishieni vijiko viwili vya yale maji yaliyochujwa.

Maji hayo msiyamwage. Kandieni unga wa chapati au wa mkate badala ya maji ya kawaida. Donge huwa laini na ladha huongezeka. Hufaa pia kutiwa katika supu ya mboga inayohitaji uchachu kidogo.

Kuna mambo matatu juu ya maziwa ambayo mama wa nyumba hana budi kuyajua. La kwanza, maziwa mabichi yanayouzwa mlangoni lazima yachemshwe kikamilifu kama tulivyoeleza. Maziwa yasiyochemshwa huweza kubeba maradhi ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na mtu hukaa na homa na maumivu ya viungo kwa muda mrefu asijue yametoka wapi. Ndimu hugandisha maziwa, haiyatakasi. Kazi hiyo ni ya moto. La pili, maziwa ya pakiti yaliyopitishwa katika moto mkali mno ili yakae miezi bila ya friji hutoa vidonge vidogo na dhaifu. Yanafaa kwa dharura, lakini mtapata jibini haba. La tatu, maziwa ya ngamia, pamoja na manufaa yake yote na mapenzi waliyo nayo ndugu zetu wa Tana na Garissa kwayo, hayagandi kwa urahisi, wala msiyatumie kwa kazi hii. Ya mbuzi yanaganda vizuri, na jibini yake ina ukali kidogo unaopendeza.

Tuje kwenye matunda. Huenda mtu akauliza: kwa nini yapitishwe motoni, ilhali nanasi la Magarini au embe ngowe ni tamu likiliwa hivi hivi? Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni ladha. Tunda ni maji mengi na sukari kidogo. Likipata moto, maji hupungua, sukari hukolea na kuanza kugeuka rangi ya kahawia, na harufu yake hujaa nyumba nzima. Tunda lililokuwa limepooza, ambalo hakuna aliyelitaka mezani, hapo hupata uhai mpya.

Sababu ya pili inahusu jibini yenyewe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini. Ndicho kinachouwasha ulimi mtu anapokula nanasi kwa wingi. Kikikutana na maziwa au jibini, baada ya muda mfupi huyafanya yawe machungu na majimaji. Papai nalo lina cha kwake cha namna hiyo, hasa likiwa bado halijaiva. Akina mama wa pwani wamekijua tangu zamani, ndiyo maana hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu ya kuchoma ili ilainike. Kinacholainisha nyama ndicho kinachoharibu jibini. Moto hukiua kimeng'enya cha nanasi, na baada ya hapo nanasi na jibini hukaa pamoja kwa amani.

Chagueni matunda yaliyoiva sana lakini yasiyooza. Sehemu iliyopondeka hukatwa na kuondolewa. Tunda lililoanza kutoa povu au harufu ya kuchacha kama tembo halifai kuokolewa kwa moto wala kwa sukari, hilo liacheni. Nanasi moja la wastani limenyeni, mtoe kiini kigumu, mlikate vipande vya unene wa sentimita moja. Maembe mawili makubwa hukatwa mapande mapana. Embe la dodo au boribo lililoiva likiwa bado limeshikamana ni bora kuliko lililolainika mno, ambalo huyeyuka likawa uji. Ndizi mbivu hupasuliwa kwa urefu. Changanyeni vipande hivyo na siagi iliyoyeyushwa kijiko kikubwa kimoja, asali au sukari kijiko kikubwa kimoja, mdalasini wa unga kidogo na punje tatu za iliki zilizotwangwa. Kwa nanasi, pilipili manga ya kunusisha tu huleta ladha ya ajabu.

Mwenye oveni aiwashe hadi nyuzi 200, apange vipande katika sinia bila ya kuvirundika, avioke kwa dakika 25 hivi, na katikati ya muda huo avigeuze. Vikirundikana hutoa maji na kuchemka, visibanikike. Asiye na oveni atumie jiko la mkaa kwa njia ile ile ya mkate wa sinia: sufuria ya chuma kizito juu ya moto mdogo, matunda yapangwe ndani, lifunikwe kwa kifuniko bapa na makaa yapaliwe juu yake. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Baada ya dakika 15 fungueni mtazame. Jiko la mkaa, jamani, lisiwekwe katika chumba kilichofungwa madirisha, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na imekwisha kuua watu usingizini. Na mwenye haraka ya asubuhi atumie kikaango tu: siagi kidogo, moto wa wastani, dakika 4 kila upande.

Umebaki mkate. Watu wengi hudhani kwamba mkate hukauka kwa kupoteza maji pekee. Sehemu kubwa ya ugumu ule hutokana na wanga wa ndani ambao, ukishapoa, hurudi kujipanga na kukaza. Ndiyo sababu mkate hukazana hata ukiwa umefungwa katika mfuko, na ndiyo sababu hukazana upesi zaidi ukiwekwa ndani ya friji kuliko ukikaa kabatini. Moto huulegeza wanga huo kwa muda, ukarudi kuwa laini ndani huku nje ukiwa mkavu. Kwa tosti, basi, mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwani mkate mpya una umajimaji mwingi na hulegea mara tu ukibeba kitu cha maji.

Kateni slesi nene, unene wa kidole. Zipakeni siagi kidogo pande zote mbili, mzibanike juu ya chuma cha chapati hadi zipate rangi ya dhahabu na zitoe sauti kavu zikigongwa kwa kisu. Mkate wenye ukungu hata wa alama moja msiubanike. Ukungu ule unaoonekana ni maua tu. Mizizi yake imekwisha kupenya ndani, na kukata ile sehemu ya kijani hakutoshi. Hapo kuutupa si israfu, ni kuilinda afya.

Kuandaa ni jambo la mwisho, nalo lisifanywe mapema. Slesi ikiwa bado ya moto, pakeni jibini vijiko vikubwa viwili, ienee hadi kingoni. Tabaka hilo huzuia maji ya matunda yasiulowanishe mkate. Juu yake pangeni matunda yakiwa na uvuguvugu, kisha mnyunyize maji yake yaliyobaki katika sinia. Atakaye aongeze lozi au korosho zilizokaangwa na kupondwa. Tende zilizokatwa vipande na kupitishwa motoni pamoja na ndizi hazihitaji sukari wala asali, na kwa daku hizo ndizo tunazozisifu zaidi. Protini na mafuta yaliyomo katika jibini hukawia tumboni, kwa hivyo mwenye kufunga hukaa na shibe muda mrefu kuliko aliyekunywa chai ya sukari na mkate mkavu.

Jibini hii haina dawa ya kuihifadhi, basi isikae sana. Katika chombo safi kilichofunikwa, ndani ya friji, hudumu siku 3 au 4. Nyumba isiyo na friji ipike ya kuliwa siku ile ile; lita moja ya maziwa yawatosha watu wawili au watatu. Ikigeuka harufu au ikianza kuteleza, isionjwe. Mama mjamzito ajiepushe kabisa na jibini laini iliyotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa, kwani kuna vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Hii ya kuchemshwa nyumbani aile ikiwa mpya. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba. Na wazee wetu wenye maradhi ya sukari waandaliwe slesi moja yenye jibini zaidi na matunda machache, bila ya asali, kwani kuoka hakuondoi sukari iliyomo ndani ya tunda.

Msimu mkubwa wa maembe hapa pwani, kuanzia mwezi wa Novemba hadi Machi hivi, ndio wakati ambapo maembe huoza chini ya miti na masokoni huuzwa kwa bei ya kutupwa. Huo ndio wakati mwafaka wa kuwafundisha mabinti na vijana wa nyumbani kazi hii. Msiwaachie mabinti peke yao. Kijana aliyejua kuchemsha maziwa na kubanika mkate ataisaidia nyumba yake kesho. Mpeni kila mmoja kazi yake: mmoja akamue ndimu, mwingine akate nanasi, wa tatu achunge mkate usiungue. Mtoto aliyeona kwa macho yake namna lita 2 za maziwa zinavyopungua zikawa bakuli moja dogo la jibini, hatakiacha kipande sahanini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua neema zake zikiwa bado ziko mikononi mwetu, azitie baraka jiko zenu, na azikunjue riziki za wenye dhiki.